Wembe Mbele ya Mwanga

Hewa haionekani, lakini hila zake kwa mwanga huonekana kila siku. Mchana wa jua kali barabara ya lami hung'aa kana kwamba imelowa, nayo ni kavu. Ng'ambo ya jiko la mkaa ukuta hucheza kama nguo iliyoanikwa. Hayo ndiyo mazigazi, na chanzo chake ni kidogo mno. Mwanga ukipita katika hewa ya kawaida hupungua kasi kwa takriban sehemu 3 tu katika 10,000, ukilinganishwa na mwendo wake mahali pasipo na hewa kabisa. Hewa ikikaza, hupungua zaidi. Ikilegea kwa joto, hupungua kidogo. Na palipo na tofauti, mwanga hupinda. Juu ya tofauti hiyo ndogo ndipo yalipojengwa karibu yote tuliyowahi kuyaona kwa macho kuhusu risasi, roketi na ndege zinazoipita sauti. Wanaosimulia historia ya elimu hiyo huanza na milinganyo, kisha huzitaja picha kama mapambo ya kitabu. Nadhani wanaigeuza juu chini. Hesabu ilitangulia, ni kweli, lakini ilitiliwa shaka, tena na mmoja wa walioiandika. Ilikuja kuaminiwa baada ya watu kupata njia ya kuutazama mwendo wa gesi bila kuugusa. Na njia hiyo haikutoka kwa wenye mizinga. Ilitoka kwenye meza za wasugua vioo.

Tatizo la msugua kioo lilikuwa la kila siku: kioo kilichoyeyushwa vibaya hubaki na mishipa ndani yake, sehemu nzito zaidi au nyepesi zaidi, na lenzi iliyotokana nacho huharibu taswira ya nyota. Mishipa hiyo Wajerumani waliiita Schlieren, yaani michirizi, na jina hilo ndilo lililobaki hadi leo kwa mbinu nzima. Katika karne ya 17 Robert Hooke wa London alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kwa mshumaa wa kumulika, lenzi, na jicho lililowekwa mahali panapostahili, moshi wa joto usioonekana juu ya mshumaa wa pili hujitokeza wazi. Christiaan Huygens naye alitafuta michirizi katika vioo vya darubini zake. Jean-Paul Marat, yule yule wa mapinduzi ya Ufaransa aliyeuawa bafuni mwaka 1793, alichapisha mwaka 1780 michoro ya vivuli vya hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye vitu vilivyochomwa, akidhani ameuona moto wenyewe kama kimiminika. Alikosea maelezo, lakini alichokiona alikiona. Hakuna kati yao aliyeanzisha fani. Hooke alikuwa na mambo mia, na Marat, kama ijulikanavyo, alipata shughuli nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1850, jijini Paris, Léon Foucault alikuwa akipima vioo vya darubini kwa kifaa ambacho kinyozi yeyote anacho: ncha kali ya chuma. Kioo kilichosuguliwa sawasawa hukusanya mwanga wote katika nukta moja. Ukiikata nukta hiyo kwa wembe taratibu, uso mzima wa kioo huingia giza kwa pamoja. Kama kuna kasoro, mwanga wa sehemu ile yenye kasoro hupita juu au chini ya wembe, na kasoro hiyo hung'aa au hutiwa kivuli kama kilima wakati wa machweo. August Toepler, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha kilimo cha Poppelsdorf karibu na Bonn, alifika kwenye mpango kama huo kwa njia yake, akauchapisha mwaka 1864. Hatua aliyoongeza ilikuwa kuacha kukikagua kioo na kuanza kuikagua hewa iliyo mbele yake. Kioo kikishakuwa safi, kila mchirizi unaobaki kwenye taswira ni wa hewa yenyewe: pumzi, joto la mkono, gesi inayovuja. Kisha akawasha cheche ya umeme kuwa kitu cha kutazamwa, na baada yake, kwa kuchelewesha kidogo sana, akawasha cheche ya pili kuwa taa. Ndani ya darubini aliliona duara likitanuka kutoka kwenye cheche ya kwanza, likigonga kizuizi na kurudi. Aliiona sauti ikisafiri. Hakuwa na picha. Aliyachora kwa mkono aliyoyaona.

Hapa msomaji wa hesabu ana haki ya kusimama na kupinga. Atasema: mbona mawimbi ya mshtuko yalikuwa yamekwisha kuandikwa karatasini? Christian Doppler alieleza mwaka 1847 jinsi kitu kinachoipita sauti kinavyopaswa kuburuta mawimbi yenye umbo la pia. Mwaka uliofuata George Stokes aliandika kwamba wimbi kali la sauti linaweza kujikunja hadi likawa ukuta, mahali ambapo msongamano na mwendo wa hewa hubadilika ghafla bila ngazi. Bernhard Riemann akafuata mwaka 1860, William Rankine mwaka 1870, na Pierre-Henri Hugoniot mwishoni mwa miaka ya 1880. Yote ni kweli. Lakini tazama lililompata Stokes. William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, na Lord Rayleigh walimwambia kwamba ukuta wake unavunja kanuni ya uhifadhi wa nishati, na Stokes, mtu mpole na mwangalifu, akawasikiliza: alipoyachapisha upya maandiko yake katika miaka ya 1880, aliikana sehemu ile iliyokuwa sahihi kuliko pingamizi lake. Kasoro haikuwa katika wazo la ukuta. Ilikuwa katika namna walivyohesabu joto linalozalishwa ndani yake. Wanahisabati watatu wakubwa wa Uingereza waliketi na hoja nzuri wakaufuta ukweli, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Karatasi haikuwa na namna ya kubisha.

Kitu cha kuwazuia kilikuja kwa njia ya ajabu kidogo, kutoka kwenye vidonda. Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871 madaktari waliona majeraha mapana yasiyolingana na udogo wa risasi, na kila upande ukaushutumu mwingine kutumia risasi za kulipuka, zilizokuwa zimepigwa marufuku na azimio la St. Petersburg la mwaka 1868. Mbelgiji Louis Melsens alipendekeza maelezo mengine: risasi husukuma mbele yake hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo inayopasua mwili. Ernst Mach, profesa wa fizikia Prague, alimsikia Melsens akilieleza jambo hilo Paris mwaka 1881 na likamkaa moyoni. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kutumia miaka mingi kuyachunguza mawimbi ya cheche kwa mbinu ya Toepler. Kwa nini wasiipige picha hewa ya mbele ya risasi? Walijaribu Prague wakitumia bastola, na hawakuona chochote cha maana. Mach alielewa sababu: risasi ile ilikuwa ya polepole kuliko sauti. Akahitaji bunduki kali zaidi na watu waliozizoea, ndipo akamwandikia Peter Salcher, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha jeshi la majini la Austria na Hungaria huko Fiume, mji wa bandari ambao leo ni Rijeka nchini Croatia.

Inafaa kukaa kidogo na kazi ya Salcher na mwenzake Sándor Riegler katika mwaka 1886, kwa sababu ukiona vyaelea, vimeundwa. Risasi ya mita 500 kwa sekunde husogea nusu milimita katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mfuniko wa kamera ya wakati ule ulioweza kufungua na kufunga kwa wepesi huo, wala mkono wa mtu. Kwa hiyo kamera iliachwa wazi gizani, na taa ndiyo iliyofanywa fupi: cheche kutoka kwenye mtungi wa kuhifadhia umeme. Na ni nani aiwashe cheche kwa wakati wake? Risasi yenyewe. Waya mbili zilisimamishwa katika njia yake. Risasi ilipozigonga, sakiti ilifungwa, cheche ikawaka, mwanga ukapita kwenye lenzi, ukakatwa na wembe, ukafika kwenye bamba. Picha zilizotoka zilikuwa ndogo sana, za kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Lakini zilikuwa na kila kitu: mbele ya risasi mstari uliopinda kama upinde, nyuma yake mstari mwingine, na kwenye mkia mavurugiko ya hewa kama mapovu nyuma ya jahazi. Katika picha mashuhuri zaidi za mfululizo huo zile waya mbili nazo zimesimama wima, kama mashahidi. Mach aliwasilisha matokeo mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna mwaka 1887. Melsens alikuwa amekosea kiasi: mbele ya risasi hakuna donge la hewa lililogandamana nayo na kusafiri pamoja nayo kama mzigo. Kuna wimbi, ambalo kila nukta hufanywa upya na hewa nyingine. Na wimbi hilo halipo kabisa risasi ikiwa chini ya kasi ya sauti.

Kuna kejeli hapa nisiyoweza kuipita. Mach huyu huyu alikuwa mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba sayansi isiseme zaidi ya kile hisi zinachokipata, na kwa msimamo huo alizikataa atomi kwa muda mrefu wa maisha yake. Jina lake leo limo katika kila mazungumzo ya ndege za kasi kwa sababu alipanua kile ambacho hisi zinaweza kukipata. Lile neno lenyewe, namba ya Mach, hakulitunga yeye; Mswisi Jakob Ackeret alilipendekeza mwaka 1929, miaka 13 baada ya Mach kufariki.

Kilichozipa picha za Fiume uzito ni kwamba zilipimika. Pembe ya mistari inayokwenda nyuma ya risasi hutegemea kitu kimoja tu, uwiano wa kasi ya sauti na kasi ya risasi. Weka rula na kipimapembe juu ya bamba: nusu ya mwanya wa mistari ikiwa nyuzi 30, risasi inakwenda mara mbili ya sauti, yaani takriban mita 680 kwa sekunde, na hujagusa bunduki wala risasi. Lakini pembe husema kuhusu mwendo wa risasi, haisemi hewa imekazwa kiasi gani pale nyuma ya wimbi. Kwa hilo palihitajika chombo kingine. Mwaka 1891 Mswisi Ludwig Zehnder, na mwaka uliofuata Ludwig Mach, mwana wa Ernst, walieleza mpango wa vioo vinne unaougawa mwanga mara mbili: nusu moja hupita katika gesi inayochunguzwa, nusu nyingine hupita pembeni katika hewa tulivu, kisha zote hukutanishwa. Palipo na tofauti ya kuchelewa, mawimbi ya mwanga husaidiana au hufutana, na taswira hujaa mistari ya giza na mwanga. Mistari hiyo huhesabika. Katika mkondo wa gesi wenye upana wa sentimita 10, kusogea kwa mstari mmoja ni sawa na mabadiliko ya takriban gramu 24 katika mita moja ya ujazo, ilhali hewa ya kawaida ina takriban gramu 1,200. Ni mizani ya kupimia upepo, na sahani zake ni mwanga. Chombo hiki, intaferomita, kina kero zake zinazojulikana na kila aliyekitumia: mtetemo wa sakafu humvunja moyo fundi, na vioo vyake hugharimu. Ndiyo maana maabara nyingi zilibaki na wembe wa Toepler kwa kazi za kila siku, pamoja na picha ya kivuli, ambayo ni nyepesi kuliko zote. Vincenz Dvořák aliieleza mwaka 1880, na Mwingereza Charles Vernon Boys akaitumia kwa risasi mwanzoni mwa miaka ya 1890 bila hata lenzi: cheche upande mmoja, bamba upande wa pili, risasi katikati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba ninawapamba wasugua vioo, na kwamba elimu hii ni mtoto wa vita tangu tumboni. Ushahidi anao. Fiume palikuwa na chuo cha majini, na pia kiwanda cha Whitehead cha torpedo zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Salcher na John Whitehead walichapisha mwaka 1889 uchunguzi wa hewa hiyo ikifyatuka kutoka kwenye tundu. Mach na wenzake waliendelea na majaribio kwenye viwanja vya mizinga vya Pola na vya Krupp huko Meppen. Carl Cranz wa Berlin alikuwa bingwa wa elimu ya risasi, na kamera aliyoibuni mwaka 1929 pamoja na Hubert Schardin, yenye cheche nyingi na lenzi nyingi zisizo na kitu kinachozunguka, ilikuwa ya kutazama silaha. Mahandaki ya upepo ya Peenemünde nchini Ujerumani, yaliyotumiwa kuunda kombora la A4, yalikuwa na mitambo ya michirizi. Sina haja ya kuyakana haya. Vita vililipa. Lakini kulipa na kuzaa ni vitu viwili: majeshi yalikuwa na mizinga na fedha kwa karne nyingi, yasione chochote mbele ya risasi zao, mpaka mwalimu wa chuo cha kilimo alipogeuza kipimo cha darubini kuwa jicho. Na Göttingen, ambako Ludwig Prandtl alipiga picha za michirizi za mikondo inayoipita sauti katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, swali la mwanzo lilikuwa la mvuke na mitambo ya turbini. Mwanafunzi wake Theodor Meyer alikamilisha mwaka 1908 tasnifu ya hesabu ya namna gesi ya kasi inavyotanuka na kukunjana kwenye kona, nayo ilikwenda bega kwa bega na picha hizo.

Kisa kinachoipa hoja yangu nguvu zaidi kilitokea katika maabara ya Langley, katika jimbo la Virginia, Marekani, karibu na mwaka 1934. Mabawa ya ndege na ncha za panga za rafadha yalikuwa yakipoteza nguvu ghafla yalipokaribia kasi ya sauti, na vipimo vya mgandamizo vilionyesha kuna jambo bila kusema ni jambo gani. John Stack na wenzake wakafunga mtambo wa michirizi kwenye handaki la upepo. Vioo vyao havikuwa vizuri, na kitu cha kwanza walichokiweka kilikuwa mche duara mwembamba tu. Hata hivyo upepo ulipofika takriban sehemu 6 kwa 10 za kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko yalionekana yakisimama juu ya mche ule, na nyuma yake mkondo ukibanduka. Maabara nzima ilikuja kutazama. Theodore Theodorsen, mwananadharia mkuu wa hapo, alitazama akatamka kwamba upepo ni wa chini ya sauti, kwa hiyo kinachoonekana ni mazigazi ya mitambo. Alikuwa na mantiki, kama Kelvin na Rayleigh walivyokuwa nayo. Alichosahau ni kwamba hewa inayozunguka kitu chenye mgongo huongeza kasi, na mahali pale hupita sauti hata kama upepo wote bado haujaifikia. Kisha hurudi chini kwa mshtuko, na mshtuko ndio unaoling'oa tabaka la hewa kutoka kwenye bawa. Mwaka 1935 Eastman Jacobs wa maabara hiyo alizipeleka picha za Langley kwenye mkutano wa Volta jijini Rome. Safari hii nadharia iligombana na picha, na nadharia ndiyo iliyorudi nyumbani kujifunza.

Lakini picha haiwezi kuachwa iwe kadhi bila kuulizwa maswali, na hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Mwanga unaofika kwenye bamba umepita unene wote wa gesi, kuanzia kioo cha dirisha la mbele hadi la nyuma, na kila kilichokuwa njiani kimejumlishwa. Mavurugiko yaliyo mbali na yaliyo karibu hulaliana kama karatasi za kupitisha mwanga. Mbinu ya wembe huonyesha mahali msongamano unapobadilika, si msongamano wenyewe. Picha ya kivuli huonyesha mahali badiliko lenyewe linapobadilika, na kwa hiyo hupendelea makali na kuyaficha mapole. Jibu langu ni kwamba dosari hizi zinajulikana na zina hesabu. Vifaa vya kuchomeka vina dosari mbaya zaidi: bomba la kupimia mgandamizo likiingizwa katika mkondo unaoipita sauti huzaa mshtuko wake mbele ya mdomo wake, nalo hupima hewa ambayo limekwisha kuivuruga. Hata leza, ambayo watafiti Yeh na Cummins waliitumia mwaka 1964 kupima mwendo wa majimaji kwa mwanga unaotawanywa na chembe, hudai chembe ziwemo ndani ya mkondo. Na chembe, ikifika kwenye mshtuko, haiwezi kupunguza kasi papo hapo kama hewa. Inateleza kidogo mbele, kama abiria wakati dereva anapofunga breki. Mtu anayetaka kujua mshtuko uko wapi bado hurudi kwa Toepler.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 swali lilikuwa jinsi ya kukirudisha chombo kutoka angani bila kuteketea, na mazoea yalikuwa kuchonga pua kali kama sindano. H. Julian Allen, katika maabara ya Ames huko California, alihoji kinyume: pua butu hulisukuma wimbi la mshtuko lisimame mbali na mwili, na sehemu kubwa ya joto hubaki hewani na kupita pembeni. Picha za vivuli za modeli ndogo zilizofyatuliwa katika handaki la upepo zilikuwa zikionyesha wimbi hilo likisimama mbele ya pua butu kama ngao isiyoshikwa na mtu. Vyombo vya Mercury vilivyowabeba Wamarekani wa kwanza angani vilirudi vikitanguliza upande wao mpana na butu.

Leo kompyuta huchora mawimbi haya kwa rangi kabla chuma hakijakatwa, na wapo wanaoona kwamba wembe umestaafu. Sioni hivyo. Kompyuta humjibu aliyeiuliza, kwa milinganyo aliyoipa. Ikiwa amesahau jambo, kama Theodorsen, itasahau naye. Kilichobadilika ni wembe wenyewe. Karibu na mwaka 2000 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba lenzi kubwa na ncha ya chuma vinaweza kuachwa, mradi nyuma ya gesi kuna mandhari yenye madoadoa na kompyuta ya kulinganisha madoadoa hayo kabla na baada ya mwanga kupinda. Ni mazigazi ya barabara ya lami yaliyofundishwa kuhesabu. Mwaka 2019 shirika la anga la Marekani lilitoa picha za ndege mbili za T-38 zikiruka pamoja kwa kasi ya kuipita sauti, umbali wa takriban mita 9 kati yao, zikipigwa picha na ndege nyingine iliyokuwa juu yao kwa kamera ya picha 1,400 kwa sekunde. Mawimbi ya ndege ya mbele yanaonekana yakikutana na ya ndege ya nyuma na kupindika. Mandhari yenye madoadoa ilikuwa jangwa la California, vichaka na mchanga wake.